Inzi Mdogo na Pumzi ya Mtoto Wako

Ukisafiri kwa barabara kuu toka Segera kwenda Kabuku utapita kijiji kiitwacho Michungwani. Jina lenyewe lakuambia kilichomo. Msimu wa machungwa ukifika, huko Handeni na vile vile Korogwe, machungwa hulundikwa kando ya barabara yakingoja magari, na yale yaliyopondeka huachwa chini ya miti. Hapo ndipo utakapowaona wageni wasioalikwa: inzi wadogo sana, wa rangi ya hudhurungi, wenye macho mekundu, wakizunguka juu ya tunda lililoanza kuchacha. Utawakuta pia jikoni penye ndizi mbivu, na kilabuni penye pombe ya miwa.

Simsemi hapa yule inzi mkubwa zaidi, atobaye chungwa na embe likingali mtini. Huyo ni adui wa mkulima, na jamii yake moja iliyotoka Asia ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika Afrika Mashariki mwaka 2003, nchini Kenya. Huyu wetu mdogo hana ugomvi na shamba lako. Yeye hupenda kilichokwisha kuharibika, kwa maana chakula chake ni ile chachu.

Huyu ndiye mdudu ambaye wataalamu wa dunia wamemlea katika chupa kwa zaidi ya miaka mia moja. Huenda utasema, "Watu wenye akili hukaa na inzi mchana kutwa! Fedha hizo si zingenunua dawa?" Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu. Kwa ufupi ni hivi: kiinitete cha inzi huyu kimewaonyesha watu jinsi mirija ya kupumulia inavyojengwa kabla kiumbe hakijazaliwa, na njia hiyo imesaidia kufahamu jinsi mapafu ya mtoto wako yanavyojengwa tumboni mwa mama yake.

MDUDU HANA MAPAFU

Sisi huvuta hewa kwa pua, ikaingia mapafuni, na damu ikaichukua na kuitembeza mwilini. Wadudu karibu wote hawana mambo hayo. Ubavuni mwa mdudu mna matundu madogo. Kutoka katika matundu hayo mirija huingia mwilini, hugawanyika kuwa midogo, na ile midogo kuwa midogo zaidi, mpaka iwe myembamba kuliko unywele mara nyingi. Mirija hiyo ya mwisho hufika mpaka kwenye nyama na viungo vyote, ikapeleka hewa moja kwa moja. Tazama mizizi ya mkuyu kando ya mto Pangani jinsi inavyotawanyika udongoni kutafuta maji. Mirija ya mdudu imetawanyika vivyo hivyo ndani ya mwili.

Mtu wa Korogwe hana haja ya kwenda mbali kuona jinsi wadudu wanavyopumua. Chota maji yaliyotuama yenye viluwiluwi wa mbu, uwatazame bila kuyatikisa. Kiluwiluwi wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Yule wa mbu mwingine, azaliwaye katika maji machafu ya vyoo na mitaro, huning'inia kichwa chini, na mkiani ana bomba linalofika juu. Wote wawili huvuta hewa ya juu, na ukiziba uso wa maji watakufa.

Elimu hiyo ilileta faida kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980. Vyoo vya shimo vyenye maji vilitiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea. Punje zikafunika maji yote, viluwiluwi wakakosa pumzi, na mbu waenezao matende wakapungua sana. Watu nao walipewa dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo. Silaha yenyewe ilikuwa rahisi, lakini aliyeibuni alijua kwanza mdudu anapumulia wapi.

JARIBIO LA CHUPA

Mwalimu au mzazi anaweza kuwaonyesha watoto mirija ya inzi bila gharama. Chukua ndizi iliyoiva sana, uitie katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Iache wazi mpaka inzi wadogo wameingia, kisha ufunike kwa kitambaa chepesi. Baada ya siku chache utaona funza weupe wakitambaa. Mweke mmoja juu ya kitu cheusi, umtazame kwa kioo cha kukuzia. Mgongoni utaona mistari miwili ing'aayo kama fedha, tangu kichwani mpaka mkiani. Hiyo ndiyo mirija mikuu, nayo hung'aa kwa kuwa ndani imejaa hewa.

Mtazame tena anapokula. Kichwa chake huzama ndani ya uji wa tunda, lakini mkia hubaki juu, maana tundu zake za kupumulia ziko mkiani. Hata yai lake lina vipembe viwili vinavyochomoza nje ya unyevu ili lisikose hewa. Tangu yai mpaka inzi kamili ni siku 10 hivi penye joto la digrii 25. Ni kwa sababu hii wataalamu walimchagua: huzaa upesi, hula kidogo, na chupa moja yatosha ukoo mzima.

Wala si mgeni kwetu. Asili yake ni Afrika. Mwaka 2018 wataalamu walieleza kwamba wamemkuta porini nchini Zimbabwe akifuata matunda ya mng'ongo, mti unaojulikana hata hapa kwetu. Amesafiri na watu mpaka akaenea duniani kote.

MAAGIZO YA URITHI

Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na ndani ya kila chembe mna maagizo yaliyorithiwa kwa baba na mama. Agizo moja moja huitwa jeni. Inzi ana jeni kama 14,000. Mwaka 1910, mjini New York, Thomas Hunt Morgan alimwona inzi mmoja mwenye macho meupe kati ya wengi wenye macho mekundu, na kwa kufuata uzao wake akaonyesha jinsi urithi unavyopita kutoka kizazi hadi kizazi. Mwaka 1933 alipewa Tuzo ya Nobel.

Baadaye, katika mji wa Heidelberg, Ujerumani, bibi Christiane Nüsslein-Volhard na bwana Eric Wieschaus walifanya kazi ya subira kubwa. Waliwapa inzi dawa inayoharibu jeni moja hapa na nyingine pale, kisha wakatazama katika uzao wao ni kiungo gani kimekosekana. Fikiri mtu asiyejua kazi za mafundi wanaojenga nyumba. Akimwondoa mmoja na nyumba ikakosa milango, atajua kwamba yule alikuwa seremala. Akimwondoa mwingine na nyumba ikakosa paa, atajua kazi ya yule pia. Habari zao zilitangazwa mwaka 1980, na mwaka 1995 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Lewis wa Marekani.

Kwa desturi hiyo, jeni za inzi mara nyingi huitwa kwa jina la kitu kinachokosekana zikiharibika. Tatu kati yake zatuhusu leo. Majina yao ya kigeni twaweza kuyafasiri kwa Kiswahili hivi: Bila-Mirija, Bila-Matawi na Bila-Pumzi.

MWITO NA SIKIO

Yai likiisha kutagwa, kiinitete huumbika kwa muda wa siku moja hivi. Saa chache za kwanza hakuna mrija hata mmoja. Kisha kila ubavu huonyesha viraka 10 vya chembe, jumla 20, na kila kiraka kina chembe 80 hivi. Viraka hivyo hubonyea kuelekea ndani vikawa vifuko. Tangu hapo, mpaka funza atoke katika yai, chembe hizo haziongezeki tena. Hutambaa, hujinyosha na kujikunja, mpaka zimekuwa mirija. Mfinyanzi aliyepewa udongo wa kadiri hufanya vivyo hivyo: haongezi udongo, ila huuvuta na kuukunja mpaka uwe chungu.

Anayechagua chembe za kufanya kazi hiyo ni jeni Bila-Mirija. Yeye ni kama nyapara, kazi yake kuwaamuru wengine. Akiharibika, viraka havibonyei, chembe hubaki juu juu, na kiumbe hakipati mrija wo wote. Makundi mawili ya wataalamu yalieleza habari za jeni hii mwaka 1996.

Vifuko vikiisha kuwapo, vitajuaje pa kwenda? Hapa ndipo penye ajabu. Kuzunguka kila kifuko, mahali mbalimbali, yako makundi madogo ya chembe zinazotoa protini ya kuita. Protini hiyo hutengenezwa kwa agizo la jeni Bila-Matawi. Chembe za kifuko nazo zina kitu cha kupokelea mwito, mfano wa sikio, na sikio hilo hutengenezwa kwa agizo la jeni Bila-Pumzi. Mwito ukisikika, chembe zilizo karibu hunyosha vidole na kutambaa kuufuata, zikiwavuta wenzao nyuma, na hapo mrija huzaliwa. Mwito ukikosekana, kifuko hukaa kama kilivyo. Sikio likikosekana, matokeo ni yale yale, kwa maana kuita pasipo msikiaji ni kazi bure.

Sikio lilielezwa mwaka 1992 na Benny Shilo na wenzake wa Israeli. Mwito wenyewe ulielezwa mwaka 1996 na Mark Krasnow wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake. Hao walifanya jaribio zuri: waliufanya mwito utolewe mahali pasipo pake, na mirija ikageuka kuelekea huko huko.

Lakini mwito usio na kiasi huleta fujo. Mwaka 1998 ilielezwa jeni nyingine ambayo kazi yake ni kusema, "Basi, yatosha." Mwito huo huo unaoita mirija humwamsha pia mzuiaji huyu. Asipokuwapo, matawi huchipuka ovyo kupita haja.

Mirija mipya hujaa majimaji kwanza. Muda mfupi kabla ya funza kutoka katika yai, majimaji huondolewa na hewa hushika mahali pake. Wala kazi haikomi hapo. Mwaka 1999 ilionekana kwamba baada ya kutoka katika yai, chembe yo yote iliyopungukiwa na oksijeni hutoa mwito ule ule, na vijirija vya mwisho huielekea mpaka vimeifikia. Angalia njia zetu za kijijini. Barabara kuu hupangwa na serikali, lakini vijia vya kwenda kisimani havipangwi na mtu. Hufanywa na miguu ya wenye kiu. Katika mwili wa inzi mirija mikubwa hupangwa mapema na jeni, na ile midogo ya mwisho hufuata haja ya hewa.

KUTOKA KWA INZI MPAKA KWA MTU

Wapi inzi na wapi mtu! Ni kweli, mapafu yetu si mirija ya inzi. Lakini mwito na sikio ni wa ukoo mmoja. Miaka ya 1998 na 1999 wataalamu waliwachunguza panya waliozaliwa bila jeni ya FGF10, ambayo ni ndugu wa jeni ya mwito ya inzi. Panya wale walikuwa na koo la hewa, lakini koo liliishia hapo hapo. Mapafu hayakuwapo kabisa, nao walikufa mara walipozaliwa. Leo wataalamu hutumia protini hiyo hiyo ya mwito kukuza vipande vidogo sana vya pafu la mtu katika vyombo vya kioo, ili wachunguze magonjwa bila kumtesa mgonjwa.

Katika mimba ya mtu kazi huanza mapema. Yapata wiki ya 4 chipukizi la mapafu hutokea. Huchipua matawi mawili, kila tawi hutoa mengine, na mengine tena, mpaka vizazi 23 hivi vya matawi. Kufikia wiki ya 16 au 17 njia kubwa za hewa zimekwisha kuwekwa zote. Kisha huja vijia vya mwisho, na mwishoni kabisa vifuko vidogo ambamo hewa hukutana na damu. Mtu mzima ana vifuko hivyo zaidi ya milioni 300.

Sasa sikiliza vizuri, mama na baba. Mtoto anapozaliwa hana vifuko hivyo vyote. Ana sehemu tu, na vingi huongezeka katika miaka miwili mitatu ya kwanza, kisha huendelea kuongezeka polepole. Tena, ili vifuko visinate na kufunga kila mtoto atoapo pumzi, hupakwa ndani utelezi maalum. Utelezi huo huanza kutengenezwa yapata wiki ya 24, na kwa kawaida hautoshi mpaka kama wiki ya 34 au 35. Ndiyo sababu mtoto njiti hupumua kwa shida, akikoroma na kuvuta mbavu ndani. Hakuna aliyemroga. Nyumba yake ya pumzi haijamalizika.

LINALOTUPASA

Kwanza, mama mjamzito aende kliniki mapema, asingoje miezi ya mwisho. Akiona dalili za uchungu kabla ya wakati, au maji, au damu, akimbizwe kituo cha afya au hospitali siku ile ile, asikae nyumbani kungoja kwamba yatapita. Tangu mwaka 1972 madaktari wanajua kwamba mama akipewa sindano fulani hospitalini kabla ya kujifungua njiti, mapafu ya mtoto hukomaa upesi zaidi. Lakini sindano hiyo yataka muda ifanye kazi, na yataka mahali penye waganga na vifaa. Anayechelewa njiani huikosa.

Pili, mtoto njiti awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kama waganga watakavyoelekeza. Mwaka 2021 ulitangazwa utafiti wa watoto 3,211 wenye uzito mdogo, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania. Kati ya watoto waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, 12 katika kila 100 walikufa kabla ya siku 28. Kati ya wale waliongojewa mpaka hali yao itulie kwanza, walikufa karibu 16 katika kila 100. Tofauti hiyo ililetwa na kifua cha mama. Baba naye ana kifua. Mama akichoka amsaidie, asione haya.

Tatu, moshi. Mama wengi wa vijijini hupika kwa mafiga ndani ya jiko lisilo na dirisha, mtoto mgongoni. Mapafu yake yangali yanajengwa, naye anavuta moshi saa nyingi kila siku. Moshi wa namna hiyo huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo. Usitumie kuni mbichi. Toboa dirisha, au inua paa kidogo moshi upate kutoka. Pika nje siku isiyo na mvua. Mtoto abaki na dada yake penye hewa safi mpaka ugali umeiva. Na wewe baba uvutaye sigara, uivutie mbali na mtoto, ama uiache kabisa. Vumbi nalo ni hivyo hivyo: afanyaye kazi katika vumbi la mkonge ajifunike pua na mdomo, akadai vifaa vya kumlinda, na asirudi nyumbani kumkumbatia mtoto kabla ya kukung'uta nguo.

USIDHARAU KIDOGO

Narudi kwa yule aulizaye faida ya kukaa na inzi. Elimu ya namna hii haizai matunda kwa msimu mmoja kama mahindi. Yafanana zaidi na mnazi: apandaye huenda si yeye atakayekunywa madafu. Watu wa Korogwe wanalijua jambo hili kuliko wengi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake hapo mjini, na watoto wa Korogwe walikuwa miongoni mwa waliopewa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S katika majaribio makubwa yaliyoanza mwaka 2009. Chanjo ile ilianza kutengenezwa mwaka 1987, na Shirika la Afya Ulimwenguni likaikubali itumike kwa watoto mwaka 2021. Hesabu mwenyewe: miaka 34. Laiti watu wangechoka njiani, tusingekuwa nayo.

Habari za mwito na sikio hazijawa dawa ya kumpa mtoto njiti leo. Lakini daktari anayetaka kulisaidia pafu ambalo halijakamilika sharti kwanza ajue hujengwaje, na aliyeanza kumfundisha ni inzi wa tunda bovu. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Siku ya jaribio la chupa, mwulize mwanao swali moja: kwa nini ile mistari ya fedha mgongoni mwa funza yang'aa? Akikujibu kwamba ni hewa, mpeleke jikoni, mtazame pamoja moshi unapita wapi.